Alama ya damu si hukumu ya mgonjwa wa kiharusi

Mwaka wa 2024 ulileta matokeo ya tafiti mbili kubwa kuhusu kiharusi, maradhi ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita kupooza. Utafiti wa kwanza ulifanywa nchini Uchina, ukawahusisha wagonjwa 8,343 ambao damu yao ilionyesha dalili za mchochota mwilini. Wa pili ulifanywa hasa katika mataifa ya Ulaya, nao ukawahusisha wagonjwa 3,154. Katika tafiti zote mbili wataalamu waliijaribu dawa kongwe na ya bei nafuu iitwayo kolkisini, ambayo hutumiwa kutibu jongo. Tumaini lao lilikuwa kwamba dawa hiyo ingeutuliza mchochota na hivyo kumkinga mgonjwa asipatwe na kiharusi cha pili.

Tumaini hilo halikutimia. Huko Uchina, baada ya siku 90, asilimia 6.3 ya waliopewa kolkisini walikuwa wamepatwa na kiharusi tena, ilhali miongoni mwa wasioipewa ilikuwa asilimia 6.5. Hiyo si tofauti ya kutajwa. Huko Ulaya waliotumia dawa walipata nafuu kidogo kuliko wenzao, lakini nafuu yenyewe haikutosha kuondoa shaka kwamba ilitokana na bahati nasibu. Na hapa ndipo penye jambo la kutafakariwa: katika utafiti huo wa Ulaya, alama za mchochota katika damu ya waliotumia dawa zilishuka. Namba ya maabara ilipungua jinsi ilivyotarajiwa, lakini hatima ya mgonjwa haikubadilika kwa kadiri ya kumridhisha mtafiti.

Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu, wala si ya utabibu. Msomaji ana haki ya kuuliza ni nini kinachonipeleka maabara. Jibu langu ni kwamba suala hili linanihusu kwa sababu mbili. Mosi, uhusiano baina ya alama na kile kinachoashiriwa na alama hiyo ni suala ambalo sisi wanaisimu huwafundisha wanafunzi wetu tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Pili, miongoni mwa vitu ambavyo kiharusi humpokonya binadamu, lugha ni mojawapo. Yapata theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi hupata pia afasia, yaani hali ya kupoteza uwezo wa kutamka, kuelewa, kusoma au kuandika lugha waliyokuwa wakiimudu jana yake.

Hebu kwanza tueleze kinachotokea. Kiharusi cha kawaida zaidi duniani ni kile kinachosababishwa na donge la damu iliyoganda kuuziba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Sehemu ya ubongo inayotegemea mshipa huo hukosa hewa safi na sukari, na seli zake huanza kufa. Mwaka 2006 mtaalamu wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba katika kiharusi kikubwa cha aina hiyo ubongo hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika inayopita bila matibabu.

Seli zinapokufa, mwili haukai kimya. Seli za ulinzi zilizomo ubongoni huamka, na seli nyeupe za damu huja mbio kutoka nje. Hutolewa kemikali za kupelekeana habari, mojawapo ikiwa ni ile iitwayo interlukini-6. Kemikali hiyo ikifika kwenye ini, ini hutengeneza kwa wingi protini ijulikanayo kwa kifupi kama CRP. Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, katika taasisi ya Rockefeller jijini New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Huanza kupanda saa chache baada ya mwili kupata dhara, na kwa kawaida hufikia kilele chake baada ya siku mbili hivi. Huo ndio mchochota: joto, uvimbe na pilikapilika za ulinzi na usafishaji. CRP ni alama yake katika damu. Kuna alama nyingine pia, kama vile uwiano wa aina mbili za seli nyeupe, nyutrofili na limfosaiti, ambao waweza kukokotolewa kutokana na kipimo cha kawaida cha damu.

Je, alama hizi zinaweza kutabiri ni nani atakayepona? Mwaka 1999 watafiti wa mjini Glasgow, Uskoti, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi waliokuwa na CRP ya juu walielekea kufa mapema kuliko wale waliokuwa na CRP ya chini. Tangu hapo tafiti za aina hiyo zimekuwa nyingi mno, na aghalabu zimekubaliana. Mchochota unapokuwa mkubwa, matarajio ya kupona huwa madogo.

Lakini mwaka 2009 wataalamu wa Edinburgh, wakiongozwa na William Whiteley, waliuliza swali la busara zaidi. Hawakuuliza tu iwapo alama hizo zinahusiana na kupona. Waliuliza iwapo zinamwambia daktari jambo lolote ambalo hakulijua tayari kwa kuutazama umri wa mgonjwa, hali yake kabla ya kuugua, na ukali wa kiharusi chenyewe. Jibu lilikuwa kwamba zinaongeza kidogo sana. Daktari anayeketi kando ya kitanda, akamwomba mgonjwa ainue mkono, aseme jina lake na kueleza alipo, tayari amekwisha kujua sehemu kubwa ya yale ambayo maabara yangemwambia.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli, lakini hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua, wala hawakumshauri mkulima ayapime mawingu badala ya kulitayarisha shamba. CRP ni wingu. Yaweza kuwa juu kwa sababu sehemu kubwa ya ubongo imekufa. Yaweza kuwa juu kwa sababu mgonjwa ameshindwa kumeza vizuri, chakula kikaingia mapafuni, na sasa ana nimonia. Yaweza kuwa juu kwa sababu ana maambukizi ya njia ya mkojo. Na pengine ilikuwa juu hata kabla ya kiharusi, kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Namba ni moja, lakini maana zake ni nyingi. Katika isimu neno lenye maana nyingi hufasiriwa kwa kutazama muktadha. Hakuna mwanafunzi wangu ambaye angepita mtihani kwa kulifasiri neno kama hilo huku ameufumbia macho muktadha wake.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwetu. Viwango vinavyotumiwa kusema kwamba CRP hii ni ya juu na ile ni ya chini vilitokana kwa kiasi kikubwa na wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Asia Mashariki. Katika nchi ambamo malaria, kifua kikuu na maambukizi mengine bado yangalipo, protini hiyo ina sababu nyingi zaidi za kupanda. Kuvichukua viwango vya Glasgow na kuvipachika Kisumu au Kilifi bila utafiti wetu wenyewe ni sawa na kukitahini Kiswahili kwa sarufi ya Kilatini.

Wako watakaosema: ikiwa mchochota unadhuru, kwa nini tusiuzime tu? Kama tulivyoona, kolkisini haikuzaa matunda yaliyotazamiwa. Lakini kabla yake kulikuwa na majaribio mengine. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya dawa iliyokusudiwa kuzizuia seli nyeupe zisiingie ubongoni. Waliopewa dawa hiyo walikuwa na hali mbaya kuliko wasioipewa. Mwaka 2018 utafiti mdogo wa Uingereza ulionyesha kwamba dawa nyingine ilifaulu kuishusha interlukini-6, lakini baada ya miezi mitatu wagonjwa hawakuwa wamepona vizuri zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba mchochota si adui mtupu. Seli zile zile zinazoleta madhara siku za kwanza ndizo zinazosafisha mabaki na kuandaa ukarabati siku za baadaye. Mwashi hawezi kujenga upya nyumba iliyoungua kabla majivu hayajazolewa.

Kwa nini basi nalileta suala hili kwa walimu na wanafunzi? Ni kwa sababu namba zina kishindo. Siku hizi jamaa wengi hutoka hospitalini wakiwa wameshika karatasi ya maabara kama aliyeshika hukumu ya mahakama. Namjua mwalimu mstaafu aliyepatwa na kiharusi, akapoteza usemi na nguvu za upande wa kulia. Jamaa zake walionyeshwa karatasi yenye CRP ya juu, na mtu mmoja hospitalini akawaambia kwamba damu imeonyesha hatapona sana. Kauli hiyo ilitosha. Mazoezi ya viungo yakalegea, na fedha zilizokuwa zimechangwa kwa ajili ya mtaalamu wa usemi zikapelekwa kwingine. Hakuna aliyeeleza kwamba siku ile ile iliyotolewa damu, mzee alikuwa na homa na kikohozi.

Isitoshe, mwalimu huyo alikuwa akipimwa lugha kwa Kiingereza. Aliulizwa kwa Kiingereza ataje vitu vilivyochorwa kwenye kadi, akanyamaza. Iliandikwa kwamba hana lugha. Nilipomtembelea nyumbani, nilimsikia akimwita mkewe na kuomba maji kwa Kikamba, tena kwa matamshi yaliyoeleweka. Lugha alikuwa nayo. Aliyekosa ni mtu wa kuitafuta mahali ilipokuwa.

Elimu kuhusu jambo hili si ngeni. Mwaka 1861 Mfaransa Paul Broca alionyesha kwamba jeraha katika sehemu mahsusi ya upande wa kushoto wa ubongo huondoa usemi. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza aina nyingine, ambapo mtu husema kwa wepesi lakini maneno yake hayana maana na haelewi asemezwavyo. Kuhusu watu wenye lugha nyingi, Théodule Ribot alidai mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwamba lugha iliyojifunzwa kwanza ndiyo inayodumu. Naye Albert Pitres, mwaka 1895, alishikilia kwamba inayorudi kwanza ni ile iliyotumiwa zaidi kabla ya kuugua. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mara nyingi lugha zote hurudi kwa pamoja, ila si daima. Katika nchi yetu, ambamo mtu mmoja huomba dua kwa lugha ya mama, hununua mboga kwa Kiswahili na kujaza fomu kwa Kiingereza, kumpima mgonjwa kwa lugha moja tu ni kumpima nusu. Hakuna tone la damu litakalotufichulia ni lugha gani iliyosalimika.

Hata maneno yetu ya kila siku yana lawama yake. Neno kupooza huutaja mwisho wa ugonjwa, wala haliutaji mwanzo wake. Ni neno lile lile tunalolitumia tunaposema kupooza makali ya jambo, kwa hiyo hutuchorea picha ya kitu kilichokwisha kupoa na kunyamaza. Ajabu ni kwamba saa anazosemwa mtu kuwa amepooza ndizo saa ambazo ubongo wake umo katika pilikapilika kubwa kuliko zote, na ndizo saa ambazo msaada ungefaa zaidi. Anayeamini kwamba jambo limekwisha hatakodi gari usiku. Atangoja asubuhi. Wengine husema ni upepo mbaya, wakaanza safari ya kwa mganga. Neno kiharusi lina faida ya kuutaja ugonjwa wenyewe, na tungefanya vyema kulisisitiza madarasani.

Hapa twafika kwenye kiini cha siasa ya afya. Fedha za umma ni chache, na kila shilingi inayokwenda mahali pamoja huwa imenyimwa pengine. Mnamo Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya ile bima ya zamani ya NHIF, na wafanyakazi wenye mishahara wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Sheria ya mwaka 2023 iliyoleta mabadiliko hayo iliweka pia hazina ya huduma za msingi, na nyingine ya dharura na maradhi sugu. Swali ninalowaachia wakuu wa mamlaka hiyo ni hili: kwa mgonjwa wa kiharusi, fedha hizo zitanunua nini kwanza?

Kwa maoni yangu, zisinunue kwanza vipimo vipya vya alama za mchochota. Zianzie kwenye kinga. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikuu cha kiharusi. Kifaa cha kulipima hakihitaji maabara, na mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukibeba begani.

Baada ya kinga, zinunue muda. Dawa ya kuyeyusha donge la damu yafaa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa kabla ya skani kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Ambulensi inayofika na skani inayofanya kazi usiku ni vitu viwili ambavyo karatasi ya CRP haiwezi kuvifidia.

Kisha zinunue wauguzi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 19 za jimbo la New South Wales, Australia. Wauguzi walifunzwa kufanya mambo matatu tu kwa bidii katika siku tatu za kwanza: kuishusha homa, kuidhibiti sukari, na kumpima mgonjwa kama anaweza kumeza kabla ya kumpa chakula au kinywaji. Baada ya siku 90, katika hospitali zilizofuata mpango huo asilimia 42 ya wagonjwa walikuwa wamefariki au wakiwategemea wengine. Katika zile ambazo hazikuufuata ilikuwa asilimia 58. Tazama basi. Homa ni mchochota unaopimwa kwa kipimajoto. Kumeza vibaya ni mlango wa nimonia, nayo nimonia hupandisha CRP. Wauguzi hao hawakuifukuza namba ya maabara. Waliishughulikia hali ya mgonjwa mwenyewe.

Mwisho, zinunue tiba ya usemi na ya viungo. Wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno, na wengi wao wamo mijini. Vyuo vyetu vikuu vina idara za isimu zilizojaa vijana wanaojua fonolojia ya Kikamba, ya Kijaluo, ya Kigiriama na ya Kikalenjin. Vijana hao wakishirikiana na matabibu wanaweza kuandaa majaribio ya afasia kwa lugha ambazo wagonjwa wetu wanazisema. Hiyo ni kazi isiyoweza kuagizwa kutoka ng'ambo kwa meli, kwa kuwa malighafi yake imo humu nchini.

Nisieleweke kwamba naupinga utafiti wa damu. La hasha! CRP iliyopanda siku ya tatu ni onyo jema la kumfanya daktari asikilize kifua cha mgonjwa na kuuchunguza mkojo wake. Huenda pia siku moja ikapatikana alama itakayotuambia ni mgonjwa yupi hasa atakayefaidika na dawa ipi, na ningependa kuona watafiti wa Kenya wakiwa miongoni mwa watakaoipata, wakitumia damu ya Wakenya. Ninachokipinga ni mruko wa kutoka kwenye uwezekano hadi kwenye hakika. Utafiti husema kwamba kati ya watu wengi wenye namba hii, wengi hawakupona vyema. Hausemi kwamba mzee huyu aliye mbele yetu hatapona.

Walimu wa sayansi wanaweza kulieleza jambo hilo darasani kwa mfano huu wa kiharusi, na walimu wa lugha wanaweza kulieleza kwa mfano wa maneno. Mwanafunzi aelewe kwamba uhusiano si usababisho, na kwamba wastani wa kundi si wasifu wa mtu mmoja. Tena ajue kwa moyo dalili tatu: uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, na usemi kukorogeka ghafla. Aonapo mojawapo nyumbani, asingoje asubuhi na asingoje kikao cha ukoo. Aombe gari saa hiyo hiyo, aitazame saa ya ukutani, na awaambie wahudumu wa hospitali dalili zilianza lini. Hiyo ndiyo namba ambayo daktari ataihitaji kwanza, na hakuna maabara inayoweza kumpatia.